Biskuti za Pasaka Milimani Mbooni: Moto Kwanza, Rangi Baadaye

Pasaka hutukuta sisi watu wa Mbooni katikati ya mvua za uua, yaani masika. Ikiwahi, mwishoni mwa Machi, mbegu ndiyo kwanza inachungulia ardhini; ikichelewa hadi Aprili, maharagwe yameanza kutoa maua na barabara ya kupanda Kikima ina utelezi wa kumfanya dereva wa matatu aombe kabla ya kila kona. Shule zimefungwa au ziko karibu kufungwa. Kila boma lina mtu linayemsubiri kutoka Nairobi, Machakos au Mombasa, na kwaya zimeimba usiku hadi majirani wamekariri nyimbo zote.

Ndani ya hekaheka hiyo ya kuku, chapati na pilau, siku hizi kuna akina mama na vijana wengi wanaotaka kuwaokea watoto biskuti za chokoleti zenye rangi rangi, kama zile wanazoziona kwenye simu. Wanafuata maelezo neno kwa neno. Wanachopata ni chapati moja nyembamba iliyojaza trei nzima, imeungua pembeni, mbichi katikati, na rangi zimegeuka hudhurungi. Kisha lawama inaangukia jiko, au mkono wa mpishi.

Kosa haliko mkononi. Maelezo yale yaliandikiwa watu wengine. Biskuti yenyewe ilizaliwa Massachusetts, Marekani, katika nyumba ya wageni ya Toll House iliyokuwa mjini Whitman, ambako Ruth Wakefield alikatakata chokoleti na kuichanganya kwenye donge. Maelezo yake yalichapishwa kitabuni mwaka 1938. Yeye alikuwa na oveni yenye kipimo cha joto, sukari laini yenye unyevunyevu, siagi halisi, na mji ulio karibu na usawa wa bahari. Sisi tuna jiko la makaa, sukari ya chenga kubwa, majarini ya kopo, na kilima. Neno langu kwa anayetaka kuoka Pasaka hii ni hili: pambana na mafuta na moto kwanza, halafu rangi iache ije mwisho kabisa, biskuti ikishatoka motoni.

Tuanze dukani, maana hapo ndipo biskuti nyingi huharibikia.

Geuza kopo la majarini usome kiasi cha mafuta. Kuna aina zilizo na asilimia 80 ya mafuta na kuna nyepesi za kupaka mkate ambazo sehemu kubwa ni maji. Hizo nyepesi ziache zipakwe mkate. Maji yake yakipata moto hugeuka mvuke, biskuti inavimba, halafu inasinyaa ikiwa ngumu na haina ladha. Siagi halisi ina ladha nzuri zaidi, ila bei yake waijua. Mimi kwa biskuti za watoto natumia nusu siagi nusu majarini na sioni aibu. Mafuta ya kupikia ya kopo, yale meupe magumu, yanafanya kazi pia. Biskuti haitambai sana, lakini itakuwa imepoa mdomoni, haina ile harufu ya siagi. Ukiyatumia, usisahau chumvi.

Sukari yetu ya kahawia ya viwandani si ile inayotajwa kwenye maelezo ya Wamarekani. Yao ni laini na ina molasi. Yetu ni chenga kavu. Chenga hizo haziyeyuki vizuri ndani ya majarini. Dawa ni kinu. Itwange kidogo, au ipitishe kwenye blenda sekunde chache hadi iwe kama semolina. Ukitaka biskuti yenye utafuno laini, ongeza kijiko kimoja cha asali, na hapa hatuna haja ya kwenda mbali, kwa kuwa ng'ambo ya mto Athi, Kitui hadi Mwingi, ni nchi ya mizinga. Kijiko kimoja kinatosha. Asali huwahi kuwa nyekundu motoni kuliko sukari, na ukizidisha utadhani biskuti imeiva kumbe imebadilika rangi tu.

Unga uwe wa ngano wa kawaida, ule unaonunuliwa kwa mandazi. Ukinunua ule unaojiumua wenyewe, usitie kiumulio kingine. Na kwa wale ambao nyumbani wana unga wa mtama au wimbi, robo ya unga wa ngano inaweza kubadilishwa na huo bila mtu kulalamika. Mtama huifanya biskuti iwe na chengachenga zinazopendeza. Wimbi huipa weusi unaoficha rangi, kwa hiyo nisingeuchagua kwa sikukuu ya rangi.

Kiumulio kinachotakiwa ni bekingi soda. Usijaribu magadi yale ya kulainishia isyo, yaani mahindi na maharagwe, hata kama bibi amekuhakikishia ni kitu kilekile. Magadi ya mawe si safi, kipimo chake hakitabiriki, na biskuti itakuwa na ladha ya sabuni.

Chokoleti sasa. Vipande vidogo vya pakiti, vilivyotengenezwa kwa kuokea, utavipata kwenye supamaketi za Machakos au Wote. Kwa hiyo anayetoka mjini aviweke kwenye orodha kabla hajapanda milimani. Ukivikosa, nunua chokoleti ya kawaida ya mche, uikatekate kwa kisu hadi vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi. Mimi naipenda zaidi hii ya kukata, kwa sababu vumbi lake linaingia kwenye donge na kuacha michirizi. Soma karatasi: yenye siagi ya kakao huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 34 hivi, joto la mkono wako tu, yenye mafuta ya mboga huvumilia joto zaidi lakini hubaki na utando kwenye ulimi. Anayeoka Kalawa, kule chini ambako mchana ni wa jasho, aifunge chokoleti kwenye mfuko usiopenya maji na kuiweka ndani ya beseni la maji, kitambaa kibichi juu, hadi dakika ya kuikata. Aliye Kikima hana shida hiyo.

Na hapa nifike kwenye jambo la kilima, kwa sababu Mbooni si mahali pamoja. Kikima na vilima vinavyouzunguka viko mita 1,500 na zaidi juu ya usawa wa bahari; ukiteremka kuelekea Athi unashuka kwa mamia ya mita. Huku juu hewa ni nyepesi na maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, yapata nyuzi 95 au chini yake. Mpishi wa maharagwe analijua hilo kwa kuni alizochoma. Kwa biskuti, matokeo ni matatu: gesi ya soda huvimba kwa nguvu zaidi, maji hukauka haraka, na sukari, ikibaki bila maji ya kutosha, inakolea na kudhoofisha biskuti kabla haijashikana. Ndiyo sababu inatambaa. Unachofanya ni kupunguza sukari na soda, kuongeza unga kidogo, na kuongeza joto ili ukingo wa biskuti ushike mapema.

Kipimo changu ni hiki, cha biskuti 20 na ushee, kwa ajili ya juu mlimani. Majarini au siagi gramu 125, yaani nusu ya kopo la gramu 250. Sukari gramu 125. Unga gramu 175, ambao ni kikombe kimoja cha mililita 250 na theluthi hivi. Yai moja. Bekingi soda theluthi ya kijiko cha chai, isifike nusu. Chumvi ncha ya kijiko, vanila kijiko cha chai, na chokoleti gramu 100. Anayeoka chini, pande za Kalawa na mtoni, apunguze unga hadi gramu 155, aongeze sukari hadi 140, na soda iwe nusu kijiko. Kama huna mizani, mwenye duka anayo. Mwombe akupimie unga na sukari kwenye mifuko miwili. Hatakutoza kwa hilo, na kipimo cha gorogoro hakifai kazi hii.

Kuhusu yai, la kuku wa kienyeji ni dogo kuliko la kuku wa mayai wa kisasa. Donge likikataa kushikana, ongeza kijiko cha maziwa. Usiongeze yai la pili, biskuti itageuka keki.

Piga majarini na sukari kwa mwiko hadi vibadilike kuwa vyeupe na vyepesi, dakika tano za mkono usiochoka. Tia yai na vanila, upige tena. Changanya unga, soda na chumvi pembeni, kisha umimine vyote kwa pamoja na ukoroge hadi unga uonekane umepotea, hapo uache. Watu waliozoea chapati hupenda kukanda. Usikande. Ngano ikikandwa hujenga nguvu inayofaa chapati na kuharibu biskuti. Chokoleti iingie mwisho.

Halafu lipumzishe donge. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi na ndiyo yenye faida kuliko zote, hasa kwa asiye na oveni. Mafuta yakipoa na kuganda, biskuti hupata muda wa kushikana kabla ya kuyeyuka. Unga nao unanyonya unyevu na ladha inakolea. Kwenye friji, saa mbili hadi usiku mzima. Bila friji, huku juu baridi ya alfajiri ya masika inasaidia: bakuli lifunikwe vizuri, liwekwe kwenye chumba chenye baridi kwa saa moja, kisha donge liokwe. Kule chini kwenye joto, bakuli ndani ya beseni la maji ya kisima kwa saa moja ndio msaada uliopo, na donge lenye yai bichi lisikae zaidi ya hapo bila baridi ya kweli.

Moto. Mwenye oveni ya umeme au gesi aiwashe hadi nyuzi 190 kwa huku juu, 180 kwa chini, aoke dakika tisa hadi kumi na moja, na tumwache hapo. Ila awe na mpango wa pili, maana umeme na mvua kubwa si marafiki.

Wengi wetu tutatumia sufuria. Watu wa Pwani wamekuwa wakipika mkate wa kumimina kwa kupalia makaa juu ya kifuniko tangu zamani, na kanuni ni hiyohiyo: moto wa juu uwe mkubwa kuliko wa chini. Tafuta sufuria nzito, ya zamani, ambayo hutailaumu ikipinda. Isiwe ile yenye utando mweusi wa kuzuia kushika, kwa kuwa utando huo ukipata moto mkavu hutoa moshi wenye sumu. Mimina mchanga mkavu uliooshwa, kina cha vidole viwili. Mchanga hupokea joto la jiko na kulitoa polepole, ukizuia sehemu moja isiungue. Kaunti yetu ya Makueni ina sheria yake ya kuhifadhi mchanga tangu 2015, iliyotokana na malori kuikomba mito yetu hadi mwambani, kwa hiyo mwombe fundi anayejenga jirani akupe uliobaki badala ya kumtuma mtoto mtoni. Ukikosa, chumvi ya mawe inafanya kazi ileile. Mchanga ukishapoa, uhifadhi kwenye debe. Utautumia tena Krismasi.

Juu ya mchanga weka mawe matatu madogo, au kopo fupi lililokatwa, na juu yake sinia la bati lenye karatasi ya kuokea au lililopakwa mafuta na kunyunyiziwa unga. Funika kwa sinia pana lililo tambarare. Theluthi moja ya makaa ikae chini, theluthi mbili juu. Ipashe moto dakika ishirini bila kitu ndani.

Utajuaje kuwa joto limefika? Mabibi waliooka kabla ya vipimo walikuwa na jibu. Nyunyiza kijiko cha unga kwenye kisahani cha bati, kiweke ndani, subiri dakika tano. Unga ukiwa umegeuka rangi ya dhahabu, hilo ndilo joto la biskuti. Ukibaki mweupe, ongeza makaa juu. Ukiwa wa rangi ya kahawa, toa ya chini. Jaribio hili linakugharimu kijiko kimoja cha unga, nalo limeokoa masinia mengi.

Viringisha donge katika vidonge vya gramu 25 hivi, kijiko cha mezani kilichojaa. Usivibonyeze. Viache vidole viwili kati ya kimoja na kingine. Sinia la sufuria ya kawaida litachukua sita au saba. Dakika kumi na mbili hadi kumi na tano. Ukifunua, inua kifuniko wima kwa vitambaa viwili, kwa mikono iliyo sawa. Ukikiinamisha upande mmoja, jivu lote linaingia kwenye biskuti. Angalia ukingo tu: ukiwa wa dhahabu na katikati pakiwa bado panang'aa na kutikisika kidogo, toa. Ndiyo, itaonekana mbichi. Iache kwenye sinia dakika tano na joto lake lenyewe litaimalizia. Anayesubiri katikati pawe pagumu ndipo atoe, ataokota matofali.

Hayo yote yafanyike nje au mlango ukiwa wazi. Jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa kwa sababu ya mvua limeua watu, na gesi yake haina harufu. Kuhusu makaa yenyewe, Kitui ilipiga marufuku biashara yake mwaka 2018 na bei haijawa rafiki wa mtu tangu hapo. Makaa ya kuni zako mwenyewe, za matawi ya mwembe au mparachichi uliopogolewa, yanatosha kabisa kwa kazi hii.

Sasa rangi, ambayo ndiyo watoto wanayoingojea.

Peremende za chokoleti zenye ganda la rangi ni za zamani kuliko wengi wanavyofikiri; Smarties za York, Uingereza, zilipata jina hilo mwaka 1937, na M&M's za Marekani zikafuata mwaka 1941. Ganda lake ni sukari. Ukizichanganya ndani ya donge na kuzioka, chokoleti iliyo ndani huvimba na ganda linapasuka. Zilizogusana na unyevu wa donge huvujisha rangi, na nyekundu iliyovuja kwenye donge la njano haipendezi. Zibonyeze juu ya biskuti mara tu inapotoka, ingali laini, tatu au nne kwa kila moja. Joto lililobaki linazishika na ganda linabaki zima. Kazi hii wape watoto, mradi sinia limewekwa chini mezani na mtu mzima ameshika zamu. Watoto walio chini ya miaka minne wapewe biskuti isiyo na peremende ngumu, kwa kuwa zinakaba. Na aliye chini ya mwaka mmoja asipewe yenye asali.

Njia ya pili ni aisingi, na hii ndiyo ninayoipendelea kwa sababu ni rahisi mfukoni na inakupa rangi unayotaka. Sukari ya aisingi gramu 100, kijiko kimoja na nusu cha mezani cha maji au juisi, koroga hadi iwe nzito kama uji wa mgonjwa. Pambia biskuti iliyopoa kabisa. Ikiwa bado ina joto, aisingi inayeyuka na kutiririka hadi mezani.

Rangi za shambani zinafaa sana hapa, na zina tabia zake. Bitiruti iliyokunwa na kukamuliwa hutoa waridi inayong'aa. Ndani ya aisingi itadumu siku moja au mbili mbali na jua, lakini ndani ya donge motoni hugeuka udongo. Manjano ya unga, ncha ya kisu kwenye maji vuguvugu, hutoa njano kali. Ukiitia ndani ya donge lenye soda hugeuka wekundu wa kutu, na hapo ndipo watu husema wameuziwa manjano bandia. Si bandia, ni soda. Kabichi nyekundu ni mchezo wa watoto wa likizo: chemsha majani, uchuje, utapata zambarau. Gawanya vikombe vitatu. Kimoja kiache, cha pili kamulia limau kiwe waridi, cha tatu tia chembe ya bekingi soda kiwe buluu. Ukizidisha soda kinakwenda kijani na ladha inaharibika, kwa hiyo chembe ni chembe. Maji ya mchicha hutoa kijani kilichofifia. Sikipendi, kina harufu ya shamba.

Embe nalo lina nafasi yake. Msimu mkubwa wa Makueni huwa umepita au unaaga Pasaka inapofika, ila embe lililokaushwa hukatwa vipande vidogo na kuingia ndani ya donge pamoja na chokoleti. Hiyo ndiyo rangi pekee ya shambani ninayoijua ambayo moto hauifukuzi: unabaki na madoa ya rangi ya chungwa, na uchachu wake unapunguza utamu wa chokoleti. Punguza chokoleti hadi gramu 70 na embe liwe gramu 40. Kwa wageni wakubwa wasiopenda sukari nyingi, ningeacha peremende kabisa nikatumia embe tu.

Rangi za chakula za dukani zinaruhusiwa, bila shaka. Tafuta kopo lenye alama ya KEBS, shirika la viwango, na jina la mtengenezaji, tia kiasi cha ncha ya kijiti, na, ukitaka donge lenyewe liwe la rangi, uichanganye na majarini kabla ya unga ili isambae. Lakini kuna hatari moja ya kwetu ambayo lazima niitaje. Sokoni zinauzwa rangi za unga kwenye vikaratasi vidogo, nyekundu, kijani, zambarau, kwa ajili ya kutia katani ya kusukia vyondo. Zinang'aa kuliko za chakula na ni rahisi zaidi. Hizo ni za nyuzi. Zisiingie jikoni hata kidogo, na kama nyumbani kuna mama msusi, rangi zake ziwekwe mbali na kabati la sukari, kwenye kopo lililoandikwa.

Mpangilio wa siku unasaidia kuliko mtu anavyodhani. Donge lichanganywe jioni ya Ijumaa Kuu, baada ya ibada; asiye na friji alichanganye Jumamosi alfajiri. Kuoka kuwe Jumamosi asubuhi, kabla jiko halijatekwa na nyama na maharagwe, na kabla ya mvua ya alasiri. Aisingi ipakwe Jumamosi alasiri, biskuti zikae wazi saa mbili zikauke, kisha zipangwe kwenye kopo, karatasi kati ya safu na safu. Kuna waumini walioacha vitu vitamu tangu Jumatano ya Majivu, na kopo lililofunguliwa Jumamosi ni kuwatafutia majaribu. Pwani, akina mama wa Mombasa na Lamu hufanya hivyohivyo na vileja vya Idd: vinaokwa mapema, vinafungiwa, na mtoto anayenyemelea anajulikana.

Kwa vikundi vinavyotaka kuuza siku ya gulio au baada ya ibada, maneno machache. Hesabu makaa, nauli ya Machakos, mifuko na biskuti zilizovunjika kabla hujataja bei. Wengi huhesabu unga na sukari pekee, na faida inaliwa na vilivyosahaulika. Anayeuza chakula anatakiwa kuwa na cheti cha afya, na ofisa wa afya wa eneo atakueleza leseni inayohitajika. Andika kwenye mfuko kama kuna karanga, maziwa au mayai. Uza zisizo na aisingi, kwa kuwa zinasafiri vizuri zaidi.

Zikilainika kwa unyevu wa masika, na zitalainika, zirudishe zile zisizopambwa ndani ya sufuria ya mchanga kwa dakika nne, uziache zipoe kabisa kabla ya kufunga kopo, maana ukizifungia zikiwa moto jasho lake linazilainisha upya. Zenye aisingi na peremende hazirudi motoni. Hizo zigawanywe Jumatatu ya Pasaka, asubuhi, wageni wanapofunga mizigo, na zile zilizovunjika zisagwe zinyunyizwe juu ya maziwa mala ya watoto waliobaki.